Kompyuta Isiyofungua Mlango

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo zamani lingalikuwa la mafundi peke yao, lakini maadamu kompyuta imekwisha kuingia shuleni, zahanatini, madukani na hata vyumbani mwetu tunamolala, limekuwa jambo la kila mtu. Nalo ni asubuhi ile ambayo mtu huwasha mashine yake, akangojea skrini ya kumwuliza jina na nywila, na skrini hiyo isitokee; ama ikatokea, akaandika jina na nywila bila ya kosa hata moja, kioo kikawa giza kwa nukta mbili tatu, kisha skrini ile ile ikarudi kumwuliza tena kana kwamba hakuandika kitu. Muradi wangu si kuwageuza nyote mafundi kwa jioni moja. Ninataka tu kuwaonyesha kwamba mlango uliokwama si nyumba iliyoanguka, na kwamba kwa kutotambua tofauti ya mambo hayo mawili, watu wengi wamepoteza mali ya miaka kwa ugonjwa uliohitaji dawa ya robo saa.

Nitaanza kwa kisa. Siku za karibuni nilikuwa Tanga, nikapita katika duka la mwalimu mmoja mstaafu, mama wa makamo, ambaye huuza madaftari na kalamu, hutoa nakala, hupiga chapa mitihani ya shule za jirani, na nyakati za arusi, binti anayemsaidia huwahamishia wateja video za sherehe zao kutoka fleshi moja hadi nyingine. Kompyuta yake ni kongwe, imenunuliwa mkononi, nayo haitumii Windows kama zilivyo nyingi mtaani, bali inatumia Xubuntu, mfumo mwepesi wa jamaa ya Linux, ambao mwanawe alimwekea alipokuwa chuoni kwa sababu hauna bei na hauielemei mashine iliyozeeka. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza, mikono ameikunjia kifuani, na mbele yake amesimama kijana fundi, fleshi yake mkononi tayari.

"Mwalimu," alisema fundi, "hii imeshakufa. Naifomati, nakupigia windo, saa mbili tu inakuwa mpya."

"Na mitihani yangu ya darasa la sita, mwanangu? Jumatatu shule zinaitaka."

"Hiyo ndiyo basi tena, Mwalimu. Labda ulikuwa umeiweka kwenye fleshi."

Hakuwa ameiweka kwenye fleshi. Simlaumu kijana yule, kwa kuwa alisema aliyofundishwa, na tena alisema kwa adabu. Lakini neno lake la kwanza, kwamba mashine imekufa, halikuwa kweli, na alilitamka kabla ya kuiuliza mashine swali hata moja. Nilimwomba anipe nafasi kidogo. Akanipa, akavuta kibao akaketi kutazama, na hapo ndipo mazungumzo yangu ya jioni hii yalipozaliwa.

Ili tuelewe kilichokuwa kikitokea, yatupasa kwanza tujue kompyuta huamkaje. Umeme ukishaingia, huamka programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mama, ikajikagua viungo, ikatazama diski iko wapi. Hiyo humwita msimamizi wa kuwasha, ambaye katika mashine za Linux aghalabu ni GRUB, naye hukileta kiini cha mfumo. Kiini ndicho sehemu ambayo Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliitangazia dunia mwaka 1991, na kazi yake ni kuamrisha diski, kumbukumbu, kibodi na kioo. Kiini kikisimama imara hukabidhi kazi kwa mnyapara, ambaye katika mifumo mingi ya leo huitwa systemd, naye huamsha watumishi mmoja mmoja: wa mtandao, wa saa, wa printa, wa kutunza daftari la matukio. Watumishi hao wakisha kuamka, karibu na mwisho kabisa, ndipo huamshwa bawabu, yule anayekaa mlangoni kwa sura nzuri na kumwuliza mwenye nyumba jina lake na nywila yake.

Sikilizeni hapo vizuri, kwa maana ndipo penye siri. Ikiwa bawabu ni miongoni mwa wa mwisho kuamka, basi bawabu akiugua, wenziwe wote waliomtangulia huweza kuwa macho na wazima, wakiendelea na kazi zao nyuma ya mlango uliofungwa. Sisi tulio nje huona giza tukadhani nyumba nzima imezimika, ilhali ndani taa zinawaka.

Na bawabu huyu hakuwako tangu mwanzo. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT huko Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa kuchora madirisha kwenye kioo, wakauita X kwa sababu ulikuja baada ya mfumo mwingine ulioitwa W, na katika alfabeti herufi X huifuata W. Toleo lake la 11 lilitoka mwezi wa Septemba 1987, na toleo hilo limedumu hata mashine nyingi zikalitumia kwa miongo mitatu na zaidi, ingawa tangu 2008, alipoanza Kristian Høgsberg kuandika mfumo mpya uitwao Wayland, nafasi yake imekuwa ikichukuliwa kidogo kidogo. Katika siku za mwanzo mtu aliingia kwa maandishi matupu juu ya kioo cheusi, kisha yeye mwenyewe akaamuru madirisha yafunguke. Mwaka 1988 ndipo Keith Packard alipoandika programu ya xdm, iliyopewa kazi ya kuketi mlangoni na kupokea wageni kwa picha badala ya maandishi. Mabawabu tunaowaona leo, kina GDM, SDDM na LightDM, wote wamerithi kazi ile. Kwa hiyo picha ni pambo lililokuja baadaye, likawekwa juu. Maandishi ndiyo yaliyokuwa chini tangu awali, na hata leo yako pale pale, yakingoja kuitwa.

Sasa tuje kwenye dalili, maana tabibu hatoi dawa kabla ya kutazama ulimi wa mgonjwa. Mashine inaposhindwa kukuingiza ndani, aghalabu huwa katika mojawapo ya hali tatu, na kila hali ina maana yake.

Hali ya kwanza ni ile ambayo hupiti nembo ya kiwanda, au mashine inalalamika kwamba haikuona diski. Hapo usimlaumu bawabu, kwa sababu hakuna aliyemwita. Kasoro iko chini, katika diski, katika kumbukumbu au katika nyaya, na hapo fundi wa bisibisi anastahili kuitwa.

Hali ya pili ni ile ambayo kiini kinaamka, maandishi kadhaa yanapita, kisha kioo kinabaki cheusi tupu, labda na kistari kimoja kinachopepesa katika pembe ya juu kushoto. Aghalabu hali hii huja baada ya mfumo kusasishwa, na sababu yake mara nyingi ni kiendeshi cha kadi ya picha, kile ambacho mafundi wetu hukiita draiva. Kiini kimebadilika, kiendeshi hakikubadilika pamoja nacho, wawili hao hawasikilizani tena, na bawabu amekosa macho ya kujionyesha kwako.

Hali ya tatu ndiyo ile iliyompata Mwalimu. Bawabu anaonekana, anauliza vizuri, unajibu, anakuzamisha gizani kisha anakurudisha nje. Angalieni jambo moja: ukikosea nywila, bawabu hukwambia waziwazi kwamba umekosea. Asipolalamika, bali akakuingiza kisha akakutoa, basi nywila yako ameikubali, wala yeye hana ugonjwa wowote. Kilichoshindikana ni chumba cha ndani alichokuwa anakupeleka. Binti wa dukani alikuwa amekwisha andika nywila mara nane siku ile, kila mara akibonyeza vidole kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ni kiziwi. Na mashine ilikuwa imemsikia tangu mara ya kwanza.

Basi nikafanya jambo ambalo nawaomba mlikumbuke, na aliye karibu na kalamu aliandike. Niliweka kidole juu ya kitufe cha Ctrl, kingine juu ya Alt, kisha nikabonyeza F3, vyote vitatu kwa pamoja. Katika baadhi ya kompyuta za mapajani hubidi kuongeza na kitufe cha Fn. Skrini ya picha ikaondoka, likatokea giza lenye maandishi meupe, na mwisho wake neno la kuniuliza jina. Kijana fundi akasogeza kibao chake mbele. Maana ule ulikuwa mlango wa nyuma, wa maandishi, ule ule wa kabla ya 1988, nao ulifunguka bila ya taabu.

Hapa pana hofu moja ndogo ambayo sharti niwatahadharishe nayo, kwa kuwa nimeona watu wazima wakikata tamaa kwayo. Ukiisha andika jina lako, mashine itakuuliza nywila, na unapoiandika hutaona kitu: hutaona herufi wala nyota, na alama haitasogea hata kidogo. Binti alipoona hivyo alisema, "Mzee, kibodi imegoma nayo." Haikugoma. Desturi ya mlango ule ni kuficha hata idadi ya herufi, ili asimamaye nyuma yako asihesabu. Andika nywila yako yote kwa utulivu, bonyeza Enter, na utaingia. Nasi tuliingia.

Tulipokwisha ingia niliuliza swali la kwanza, swali fupi kuliko yote niyajuayo katika ufundi huu: herufi d, herufi f, nafasi, kistari, herufi h. Herufi mbili za mwanzo ndizo zinazouliza kila diski ina nafasi kiasi gani, na h ya mwisho huomba jibu liandikwe kwa hesabu ambazo binadamu anaweza kuzisoma, yaani gigabaiti badala ya mlolongo wa tarakimu. Jibu likaja kwa safu: ukubwa wa diski, kilichotumika, kilichobaki, na asilimia. Katika mstari wa diski kuu, chini ya kilichobaki, paliandikwa sifuri. Na chini ya asilimia, 100.

Diski ilikuwa imejaa pomoni. Hicho ndicho kifo alichokitangaza fundi.

Mtaniuliza, diski kujaa kuna uhusiano gani na mlango kutofunguka? Uhusiano wake ni huu. Bawabu wa mashine ile, LightDM, anapompokea mwenye nyumba, humwandikia hati ndogo ya ruhusa, ambayo mfumo wa X utaidai kabla ya kumchorea dirisha lolote, na hati hiyo huhifadhiwa katika nyumba ya mtumiaji, katika faili liitwalo .Xauthority. Nalo ni faili dogo mno, lisilofika hata ukurasa mmoja wa maandishi. Lakini diski iliyojaa haina nafasi hata ya hati hiyo. Bawabu akitaka kuandika, kalamu haina pa kutua. Mfumo wa X ukidai hati, haipo. Chumba kikafungwa, na mgeni akarudishwa barazani. Wala si hati hiyo peke yake, kwani programu zote za meza ya kazi, ile skrini uionayo ukisha kuingia, huandika vijifaili vyao zinapoamka, na kila mojawapo hupatwa na msiba huo huo. Mlango wa maandishi hauna haja hiyo: huhitaji kusoma tu jina na nywila, na kusoma hakuli nafasi.

Tena waliotunga mifumo hii walikuwa watu wenye tahadhari. Katika aina ya mpangilio wa diski ambayo Linux huitumia sana, iitwayo ext4, asilimia 5 ya diski huwekwa kando tangu siku ya kwanza, isiguswe na watumiaji wa kawaida, ili siku watakapoijaza, msimamizi mkuu apate mahali pa kusimama akatengeneza mambo. Katika diski ya gigabaiti 100, hiyo ni gigabaiti 5. Wazee wetu waliacha mbegu darini hata mwaka wa njaa. Na ndivyo mashine ile ilivyokuwa imeweka akiba yake, ikingoja mtu wa kuijia.

Swali la pili lilikuwa, ni nani aliyeijaza? Amri ya du hupima uzito wa kila kabrasha, nasi tukashuka nayo ngazi kwa ngazi, kila mara tukilifuata lililo zito kuliko wenzake, kama mtu anayefuata maji hadi kwenye bomba lililopasuka. Mitihani ya Mwalimu, ya miaka mitano, yote pamoja haikufika gigabaiti moja. Picha za wateja zilikuwa chache. Mwisho tukafika katika kabrasha la Taka, na humo ndimo zilimokuwa arusi zote za mtaa: video za kupamba, za kupika pilau, za kuingia bwana arusi, gigabaiti juu ya gigabaiti.

Binti alishika kichwa. "Lakini mimi nilikuwa nafuta, Mzee! Kila mteja akiondoka nafuta."

Alikuwa akisema kweli. Alikuwa akibonyeza kitufe cha kufutia, na video ikimwondokea machoni. Ila kitufe kile hakifuti, huhamisha tu. Huitoa takataka sebuleni na kuiweka uani, na uani ni sehemu ya kiwanja kile kile. Mwaka mzima alikuwa akifagia, na hakuna siku hata moja aliyoitoa taka nje ya ua.

Kabla ya kugusa kitu tulichomeka fleshi, tukanakili mitihani yote, na Mwalimu akaitia ile fleshi katika pochi yake na kuifunga zipu. Utaratibu huo usiuache kamwe: okoa kwanza, kisha tengeneza. Baadaye tukaitupa taka ile. Amri yake sitaitamka hapa hewani kwa makusudi, kwa sababu ni amri isiyouliza mara mbili, na nafasi moja ikiwekwa pasipo pake hufuta kisichotakiwa kufutwa; atakayeihitaji na aitafute katika maandishi, aisome kwa macho yake, wala asiiandike kwa kusikia. Tukaiwasha mashine upya. Bawabu akauliza, binti akajibu, na meza ya kazi ikafunguka na picha yake ya ufukwe kama ilivyokuwa juzi. Tangu nilipoketi hadi hapo, chai niliyoletewa ilikuwa bado vuguvugu.

Si kila mlango uliokwama hukwama kwa diski kujaa, nami sipendi mtu atoke hapa akidhani ana dawa moja ya maradhi yote. Zipo sababu nyingine mbili ambazo hutukia mara kwa mara, na zinastahili kutajwa.

Moja ni ya umiliki. Mtu huenda alifungua programu ya picha kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na katika kufanya hivyo, hati ile ya .Xauthority ikaandikwa kwa jina la mkuu badala ya jina lake. Siku ya pili bawabu anataka kumwandikia mwenye nyumba hati mpya juu ya ile ya zamani, anakuta ni mali ya mwingine, anazuiwa. Dalili ni zile zile za Mwalimu, ila diski ina nafasi tele. Ukiorodhesha mafaili kwa amri ya ls pamoja na kistari na herufi l na a, utaona jina la mmiliki katika kila mstari. Ukilikuta neno root, ambalo ndilo jina la msimamizi mkuu, penye faili lililopasa kuwa lako, umekwisha mpata mwizi, na amri ya chown hurejesha mali kwa mwenyewe.

Sababu nyingine ni ile ya kiendeshi cha kadi ya picha, ya kioo cheusi. Hapa huwa ni vyema kurudi nyuma hadi kwa GRUB. Mashine inapoanza kuwaka, shikilia kitufe cha Shift, au katika mashine mpya gonga Esc, hadi itokee orodha yake. Ndani yake mna nafasi ya kuchagua kiini cha zamani, kile kilichokuwa kikifanya kazi kabla ya mfumo kusasishwa, nacho aghalabu hakijafutwa. Kama kiini cha zamani kinafungua mlango na kipya hakifungui, umejua ugonjwa uko wapi bila ya kubomoa kitu. Au unaweza kugonga herufi e, ukaongeza neno nomodeset mwisho wa mstari unaoanza kwa neno linux, kisha ukabonyeza Ctrl na X. Neno hilo hukiambia kiini kisijaribu ufundi wa kadi ya picha, kitosheke na picha ya kawaida tu. Na kwa kuwa badiliko hilo ni la safari ile moja, mashine ikizimwa husahaulika, kwa hiyo halina madhara ya kudumu. Ukisha kuona njia, ndipo utengeneze kiendeshi kwa utulivu.

Na pale dalili zinapochanganyika, liko daftari. Yule mnyapara systemd huandika kila jambo linalotokea tangu umeme uingie, na ukiwa katika mlango wa maandishi unaweza kumwomba akusomee tu makosa yaliyotokea tangu mashine ilipowashwa kwa amri ya journalctl pamoja na kistari b, kisha kistari p na neno err. Mfumo wa X nao una daftari lake, ambalo makosa yake huyatia alama ya herufi E mbili ndani ya mabano. Katika mashine ya Mwalimu, daftari lilikuwa limerudia sentensi moja tangu alfajiri, kwamba hakuna nafasi iliyobaki katika diski. Mashine ilikuwa imeeleza ugonjwa wake kwa maneno wazi. Hakukuwa na aliyekwenda kusikiliza.

Hapo ndipo ninapotaka kutulia kidogo. Kwa nini dawa ya mtaani ni kufomati, kila siku, kwa kila ugonjwa? Nimelifikiri jambo hilo, nami naona sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya biashara: kufomati kuna bei inayojulikana na muda unaojulikana, ilhali kuchunguza hakuna mwenye kujua kutachukua nusu saa au siku nzima, na mteja aliyesimama na mkoba wake haelewi kwa nini alipe fedha kwa mtu aliyekuwa anasoma tu. Ya pili ni ya lugha. Mashine hulalamika kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi, na kijana aliyejifunza kazi kwa kutazama mikono ya mkubwa wake hakufundishwa kuyasoma malalamiko hayo, bali kuyapita.

Sababu hiyo ya pili wapo walioishughulikia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa programu za ofisi zinazosema Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na kazi ile ilihitaji istilahi za mambo ambayo lugha yetu ilikuwa haijapata kuyataja. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa mfumo wa Ubuntu, ambao ile Xubuntu ya Mwalimu ni tawi lake. Na jina hilo ni neno la lugha za Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu. Mifumo hii ilitolewa wazi ili kila mtu aweze kuisoma ndani na kuitengeneza. Lakini uwazi huo haumfai kitu mtu ambaye, mlango ukikwama, hajui kwamba upo mlango wa nyuma.

Kijana fundi, nataka mjue, alikaa hadi mwisho. Aliandika amri zote kwenye kiganja chake kwa kalamu ya wino, kisha akaniuliza swali ambalo lilinipendeza kuliko shukrani: "Mzee, sasa kazi kama hii mteja nimtoze shilingi ngapi?" Nilimjibu kwamba amtoze sawasawa na bei ya kufomati, wala asipunguze hata senti, kwa sababu aliyekuokolea nyumba hastahili malipo madogo kuliko aliyekubomolea akakujengea tupu. Mwalimu aliyasikia hayo, akacheka, kisha akamlipa kijana yule nauli yake na zaidi, ingawa siku ile kijana ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Basi wasikilizaji wangu, haya ndiyo ninayowaachia. Wewe mwenye kompyuta, mitihani yako, hesabu zako na picha za wazazi wako usiziache katika diski moja tu, na taka yako itoe nje ya ua mara kwa mara. Nawe fundi, kabla hujatamka neno kufomati mbele ya mtu, bonyeza kwanza Ctrl, Alt na F3, uliza diski ina nafasi kiasi gani, na usome daftari linasema nini. Ukishafanya hayo na bado ukaona hapana njia, fomati, wala hakuna atakayekulaumu. Mitihani ya darasa la sita ilichapwa Jumapili jioni, nakala mia mbili na arobaini, na Jumatatu asubuhi ilikuwa shuleni.